Wamepata "virusi vipya" kwenye kupe wa josho letu. Nimweleze nini mfugaji?

AfisaMifugo_Longido

Habari zenu wakuu. Mimi ni afisa mifugo wa kata huku Longido, bado mgeni kazini. Mwaka jana baada ya masika ilikuja timu ya watafiti, wakaomba kuchukua kupe siku ya kuogesha. Niliwapanga wafugaji, kazi ikaenda vizuri. Waling'oa kupe kwa koleo ndogo masikioni, chini ya mkia na kwenye viwele, wakawatia kwenye vichupa, na vichupa vikaingia kwenye mtungi wa baridi kali unaofuka moshi.

Wiki iliyopita mmoja wao alinipigia simu. Akasema wamesoma vinasaba vya kilichomo ndani ya kupe wale na wamekuta virusi kadhaa, vingine huenda ni vipya kabisa duniani. Alikuwa na furaha kweli. Nikaona ni haki wafugaji wajue, nikalisema kwenye mkutano wa kijiji.

Mzee mmoja mwenye boma kubwa akasimama. Akauliza, hicho kirusi kinaua ng'ombe au kinaua mtu? Nikasema bado haijulikani. Akauliza tena: kama hakuna ng'ombe aliyekufa wala mtu aliyelazwa, mmejuaje kwamba kipo? Halafu akamalizia na lile lililonikosesha usingizi: wanunuzi wa mnadani wakisikia kwamba ng'ombe wa Longido wana virusi visivyo na jina, bei itashuka, na hasara hiyo nani atailipa?

Magonjwa ya ng'ombe yanayoletwa na kupe nayafahamu: ndigana kali naijua, ndigana baridi naijua, maji moyo nimeyaona kwa macho. Haya ya kusoma vinasaba chuoni tuliyapitia juu juu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa lugha ninayoweza kuipeleka kwenye mkutano. Mzee yule anastahili jibu la kweli.

MfugajiNamanga

Afisa, wewe angalau umepigiwa simu. Kwetu walikuja, wakachukua kupe na damu, wakatupa chumvi ya ng'ombe kama shukrani, na tangu hapo kimya. Hatujui kilichopatikana wala karatasi zilikwenda wapi. Naunga mkono swali la mzee, na naongeza langu: dawa ya josho inaua hivyo virusi au inaua kupe tu?

Bi_Maabara

Afisa, mzee ameuliza maswali yaleyale ambayo wakaguzi wa majarida ya sayansi hutuuliza sisi. Niko kwenye maabara ya mifugo na kusaga kupe ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kirefu.

Kwanza, tunajuaje kipo. Kupe wakifika, tunawatambua spishi kwa darubini, tunawaosha uchafu wa nje, kisha tunawasaga kwa mafungu, spishi moja na boma moja kwa kila fungu. Kwenye rojo hilo tunatoa RNA yote, yaani vinasaba vya aina ambayo virusi vingi hutumia na ambayo kila seli hai nayo inayo, na hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Humo kuna RNA ya kupe mwenyewe, ya bakteria wanaoishi ndani yake, ya damu ya ng'ombe aliyoinywa, na ya kirusi kama kipo. Tunaigeuza kuwa DNA, aina ya vinasaba ambayo mashine zetu huisoma, mashine inasoma mamilioni ya vipande vifupi, na kompyuta inatafuta vipande ambavyo ncha zao zinalingana, inaviunga mpaka vinakuwa mistari mirefu.

Zamani ilibidi ujue unachokitafuta. Kipimo cha PCR, yaani cha kusaka kipande kimoja cha vinasaba unachokijua, kikiwa cha homa ya Crimea-Kongo, homa hatari ya watu inayoletwa na kupe, kinakuonyesha homa ya Crimea-Kongo, basi. Au uoteshe kirusi kwenye seli au kwenye panya wachanga, na virusi vingi havikubali kuoteshwa. Njia ya sasa inasoma kila kilichomo bila kuuliza jina kwanza, ndiyo maana inaibua vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivitafuta.

Halafu kukitambua. Karibu virusi vyote vya RNA vina kimeng'enya kimoja cha kujinakili, na kiini cha kimeng'enya hicho hubadilika polepole sana. Mzee ataelewa ukimwambia hivi: ng'ombe mgeni akikutwa kwenye kundi, hata kama hujawahi kumwona, mkato wa sikio unakuonyesha ametoka ukoo gani. Sisi tunasoma mkato huo. Tunaulinganisha na yote iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata za dunia. Ukifanana sana na unaojulikana, ni kirusi kilekile. Ukitofautiana kupita kiwango kilichokubaliwa kwa familia hiyo ya virusi, tunasema huenda ni spishi mpya. Neno "huenda" alilotumia mtafiti wako lina uzito wake, usiliache ukiwa mkutanoni.

Kwa njia hii hesabu zimepanda haraka mno. Mwaka 2015 timu moja ya China ilitangaza virusi vipya 112 kutoka spishi 70 za arthropodi, yaani wadudu na jamaa zao, kupe wakiwemo. Mwaka 2023 wengine wa hukohuko China wakachapisha jenomu (seti nzima za vinasaba) 1,801 za virusi vya RNA kutoka spishi 31 za kupe peke yake. Mtu akisoma namba hizo atadhani kila kupe amebeba kifo. Siyo hivyo, na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ndipo penye jibu la mnada.

Mstari wa vinasaba ukitoka kwenye kupe aliyesagwa, unaweza kuwa umetoka mahali pengi. Unaweza kuwa wa kirusi kinachoishi ndani ya kupe tu, mama anamrithisha mtoto kupitia mayai, na hakijawahi kumgusa mnyama mwenye damu moto. Vya namna hii ni vingi kweli. Unaweza kuwa wa kirusi kilichokuwa kwenye damu ya ng'ombe, kupe akakinywa kama chakula na hawezi kukiambukiza popote. Unaweza kuwa kipande cha kirusi cha kale kilichoingia kwenye jenomu ya kupe na kubaki humo kikirithiwa kama kinasaba kingine chochote. Si kirusi tena. Kuna hata nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kupe, kwa hiyo virusi vya nyigu navyo vinaweza kutokea kwenye rojo lako. Na kuna uchafuzi wa maabara, ambao tunaukabili kwa kupitisha kichupa cha maji matupu kwenye hatua zote zilezile: kirusi kikionekana na kwenye maji, kinafutwa kwenye orodha.

Kwa hiyo mstari wa vinasaba ni dalili ya pa kuanzia. Ugonjwa unahitaji mgonjwa.

Mfano mzuri ni kirusi cha Jingmen. Kupe walikusanywa mwaka 2010 katika mji wa Jingmen, mkoa wa Hubei, China, na taarifa ikachapishwa mwaka 2014. Kilishangaza watu kwa sababu jenomu yake iko vipande vinne; viwili vina undugu na virusi vya jamii ya dengue na homa ya manjano, ambavyo jenomu zao ni kipande kimoja, na viwili havikufanana na kirusi chochote kilichojulikana. Lakini kwa wakati huo kilikuwa kirusi cha kupe tu. Hakuna aliyeweza kusema kinaumiza nani.

Mwaka 2017, mkulima mwanamke wa miaka 42 kutoka mji wa Alongshan, Inner Mongolia, kaskazini mwa China, alifika hospitali akiwa na homa na kichwa kinauma, akasema ameumwa na kupe. Walimpima homa ya ubongo ya kupe waliyoizoea huko, hakuwa nayo. Wangeweza kumpa dawa za homa na kumruhusu. Badala yake walisoma vinasaba kutoka kwenye damu yake na wakakuta ndugu wa karibu wa kile cha Jingmen, ambacho leo kinaitwa kirusi cha Alongshan. Walipowapima wagonjwa wengine wa homa walioumwa na kupe, wakathibitisha 86. Wote walipona. Taarifa ilitoka mwaka 2019.

Kilichoufungua mlango pale ni mhudumu kusikiliza neno "kupe" na kuliandika. Bila neno lile, mashine za kusoma vinasaba zingebaki na kupe na damu ya yule mama isingesomwa.

Na hii haiko mbali nawe, Afisa. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kwamba wamekipata kirusi cha Jingmen kwenye kupe wa Baringo na Kajiado, Kenya, maeneo yenye historia ya homa za watu zisizojulikana chanzo. Kupe walitoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata kobe. Kajiado ni ng'ambo ya mpaka tu kutoka kwako, ng'ombe na watu wanapita kila siku. Kwa maoni yangu, kazi ambayo ukanda wetu unaihitaji kuliko orodha nyingine ya majina ni kuchukua damu ya mchungaji mwenye homa ambaye kipimo cha malaria kimetoka hasi, na kuisoma kwa uangalifu uleule tunaousomea kupe. Wachungaji wanaandikiwa dawa za malaria na taifodi miaka nenda rudi, na hakuna anayeuliza kupe. Linaniuma.

MfugajiNamanga: dawa ya josho inaua kupe, haigusi kirusi kilichokwisha kuingia mwilini. Lakini kupe ndiye njia yake, kwa hiyo kuogesha kwa ratiba na kwa kipimo sahihi cha dawa kunakata virusi vyenye jina na visivyo na jina kwa pamoja. Na mlidai haki yenu kabisa. Siku nyingine kabla kupe wa kwanza hajang'olewa, ombeni iandikwe kwenye makubaliano ni nani atarudi kusoma matokeo kijijini, na lini.

DktMstaafu_Kiambu

Nimewasoma wote na nimefurahi sana. Mimi ni daktari wa mifugo niliyestaafu, nyumbani Kikuyu, na ningependa huyu afisa kijana ajue kwamba habari hii ya dunia nzima ina mizizi kwetu.

Mwaka 1910 kondoo walikuwa wakifa karibu na Nairobi kwa homa kali na kuhara damu. Mtafiti aitwaye Montgomery alichunguza, na taarifa yake ya mwaka 1917 ikaeleza ugonjwa unaoitwa hadi leo ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikio. Huyo ndiye kupe wa ndigana kali, Afisa, unaye josho zima. Hapakuwa na mashine ya vinasaba wakati huo. Ulianza na mzoga, ukachukua damu ya mgonjwa ukamtia kondoo mzima, ukangoja.

Jambo moja la ugonjwa ule ndilo la kumweleza mzee. Kondoo waliozaliwa na kukulia kwenye kupe wale kwa kawaida hawaonyeshi chochote, maana wanapata kinga wakiwa wadogo. Wanaokufa, na wanakufa kwa wingi, ni wale walioletwa kutoka sehemu zisizo na kupe hao. Kwa hiyo boma linaweza kuishi na kirusi vizazi na vizazi kwa amani, na balaa likaja siku mifugo inapohamishwa kwa ukame au kwa biashara. Kirusi kuwa kipya vitabuni hakumaanishi kimeingia bomani jana.

Mwaka 1960, kwenye msitu wa Thogoto, hapa hapa Kikuyu, walichukua kupe kwa ng'ombe wakatenga kirusi kikaitwa Thogoto. Kilibaki jina linalojulikana na wachache. Halafu mwaka 2014, wilaya ya Bourbon, jimbo la Kansas, Marekani, mwanamume mwenye afya njema aliyepita miaka 50 aliumwa na kupe kadhaa, mmoja akamkuta begani amejaa damu. Akapata homa, seli nyeupe za damu na chembe sahani zinazogandisha damu zikashuka, akafariki siku 11 baada ya kuanza kuugua. Sampuli ilipimwa kirusi cha Heartland, ambacho nacho ni cha kupe na kilitoka kwa wakulima wawili wa Missouri mwaka 2009. Hakikuwa hicho. Kitu kikaota kwenye seli, wakasoma vinasaba vyake, wakakuta ni wa jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Thogotovirus. Kirusi kilichomuua mtu wa Kansas kikapata kujulikana ukoo wake kwa sababu miaka zaidi ya hamsini nyuma kuna watu waliookota kupe kwenye ng'ombe wa Kikuyu na kuhifadhi walichokipata. Ndiyo maana siwadharau wanaokusanya majina, ingawa binti Bi_Maabara ana haki ya kudai wagonjwa wasomwe.

Nairobi nayo imerudi kwenye habari. Vinasaba vya kirusi chetu cha kondoo vilionekana kwenye kupe wa China waliokusanywa mwaka 2013. Na mwaka 2024 ikachapishwa habari ya mzee wa miaka 61 wa huko aliyeugua mwaka 2019 baada ya kuumwa na kupe kwenye eneo la ardhi oevu Inner Mongolia. Kirusi chake kikaitwa Wetland, wakapatikana wagonjwa 17, na jenasi yake ni Orthonairovirus. Ndani ya jina hilo mnaiona Nairobi.

Bi_Maabara

Shikamoo daktari. Habari ya kondoo wageni nilikuwa naijua, lakini sikufikiria kuitumia kumjibu mzee wa mnada, na nakubali inajibu vizuri kuliko maelezo yangu yote ya kompyuta. Na kwa hoja ya Thogoto sina pingamizi. Majina yahifadhiwe, ila fedha zigawanywe, kiasi kiende kwa kupe na kiasi kwa mchungaji mwenye homa.

AfisaMifugo_Longido

Shikamoo daktari, na Bi_Maabara asante sana. Sasa nina cha kusema kuhusu mnada. Kwa ufupi: je, niwaulize nini wale watafiti wakipiga tena? Na kuna kitu ambacho wafugaji waanze kukifanya leo bila kungoja majibu?

DktMstaafu_Kiambu

Marahaba wanangu. La watafiti namwachia binti. La wafugaji, anza na kucha. Nimeona maisha yangu yote wachungaji wakimng'oa kupe na kumpasua kwa kidole gumba. Waiache tabia hiyo. Homa ya Crimea-Kongo humwingia mtu kwa kuumwa na kupe, kwa kumpasua kupe mkononi, na kwa damu ya mnyama aliyechinjwa akiwa na kirusi wakati mwenyewe anaonekana mzima. Kupe hatari zaidi kwa homa hiyo ni yule mwenye miguu ya pete za rangi mbili, anayekimbia kumfuata mtu. Atupwe kwenye chupa ya spiriti au motoni. Na wachinjaji wavae glavu, jambo ambalo mnalipigia kelele kila mwaka, endeleeni kulipigia.

Bi_Maabara

Ya watafiti, Afisa: uliza virusi hivyo vimeonekana kwenye mafungu mangapi, na kupe hao walitoka boma moja au mengi. Kirusi kilichoonekana kwenye fungu moja tu sikihofii sana; kilichoonekana kwenye boma baada ya boma kinanifanya nikae wima. Uliza kama wana jenomu nzima au vipande. Uliza familia yake: kikiwa ndugu wa Crimea-Kongo au wa Jingmen, uzito ni tofauti na kikiwa cha jamii inayojulikana kuishi kwa kupe peke yake. Na swali kubwa kuliko yote: damu ya ng'ombe ilipimwa kingamwili dhidi ya kirusi hicho? Ng'ombe akiwa na kingamwili, kirusi kimewahi kuingia mwilini mwake na mwili ukakipiga. Bila hicho kipimo, hawawezi kukuambia hata kama kinamfikia ng'ombe, sembuse mtu. Wakisema hawajapima, waombe wapime, na uwaambie ni ombi la wafugaji.

Upande wa watu, nenda zahanati ya kata ukazungumze na mganga. Mwombe kwenye daftari, kwa kila mwenye homa ambaye malaria imetoka hasi, aandike ameumwa na kupe au hapana, amechinja au amezalisha mnyama wiki mbili zilizopita au hapana. Haigharimu kitu. Siku timu yoyote ikija na uwezo wa kusoma damu za watu, wataanza na hao.

AfisaMifugo_Longido

Mganga wa zahanati tulisoma naye sekondari, naenda kesho asubuhi. Mkutano wa wafugaji uko baada ya josho lijalo, nitamwalika mganga naye awepo. MfugajiNamanga, nitumie ujumbe wa ndani: nataka tuandike pamoja hayo makubaliano ya kurudisha matokeo, yawe karatasi moja kwa pande zote mbili za mpaka.